Kitufe cha kuvukia barabara: ubonyeze lini, na ukishabonyeza kinafanya nini

Mama mkubwa alikuja kututembelea kutoka Tanga mwaka juzi, sisi tunakaa Leicester, Uingereza, na siku yake ya pili tu tukatoka kwenda mjini kumtafutia koti maana baridi ilishamshika. Tukafika kwenye mataa ya kuvukia, nikabonyeza kitufe, kitaa cha kwenye kiboksi kikawaka, nikatulia. Yeye hakutulia. Akanisogeza, akabonyeza tena, na tena, na tena, kama mtu anayemgongea mdeni wake, halafu akanigeukia: "Mwanangu, hiki kitu kimekufa."

"Hapana mama mkubwa, kishasikia."

"Kimesikia wapi na magari yanapita?"

Swali lake zuri, na siku ile nikiri tu sikuwa na jibu la maana, nimekaa huku miaka nabonyeza kwa mazoea kama navyowasha taa ya chooni. Tangu hapo nimesoma habari za hivi vitufe mpaka nyumbani wananicheka. Na nimegundua kwamba wengi wetu tukifika huku tunagawanyika makundi mawili, kuna wale wa kubonyeza mara ishirini kama mama mkubwa, na kuna wajuaji waliosikia mahali kwamba vitufe vyote ni geresha, havijaunganishwa na kitu, vimewekwa ili watu wajisikie vizuri tu. Wote wamekosea lakini huyu wa pili ndo ananiudhi zaidi, kwa sababu yeye habonyezi kabisa, anasimama pale dakika tatu nzima halafu analaumu mataa.

Tuanzie chini kwenye lami. Ukikaribia mataa angalia barabarani, sehemu nyingi utaona mistari iliyokatwa ikazibwa, imefanya umbo la mstatili au kama almasi. Humo ndani kuna waya umezungushwa, koili, inapita umeme kidogo, na gari likisimama juu yake kile chuma chake kinabadilisha usumaku wa koili na mashine inajua hapa pana gari linasubiri. Siku hizi pengine wanatumia rada au kamera juu ya nguzo lakini kazi ni ile ile. Kwa hiyo gari linajitangaza lenyewe, hata kama dereva anapiga miayo. Sasa wewe unayetembea kwa miguu huna chuma cha kutosha, hata ukivaa dhahabu zote za harusi, unaweza kusimama kwenye ukingo mpaka viatu viote mizizi na ile koili haitakujua. Kitufe ndo hodi yako.

Na hodi tunaijua sisi. Unapiga hodi, mwenye nyumba kasikia, lakini ndo anatafuta kanga ajifunge, anamalizia kuepua sufuria, ukiendelea kupiga hodi mfululizo utaonekana huna adabu na kanga haitafungwa haraka zaidi.

Ndani ya kile kiboksi hakuna maajabu. Vya zamani vina swichi ya kawaida, ukisukuma vyuma viwili vinagusana na umeme unapita. Vingi vya siku hizi havisogei kabisa, vina kidude kinachotoa umeme kidogo kikikandamizwa, ndo maana unabonyeza unahisi kama umebonyeza ukuta na unajiuliza kama kimeingia. Ile ishara inapita kwenye waya chini ya ardhi mpaka kwenye kabati la chuma lililosimama pembeni ya barabara, lile la kijivu au la kijani ambalo watu wanabandika matangazo ya paka waliopotea. Humo ndo kuna kompyuta inayoongoza mataa. Kompyuta inaandika kitu kimoja tu: upande huu kuna mtu anataka kuvuka. Haiandiki "watu watatu", haiandiki "mtu mwenye haraka", haiandiki "mama kutoka Tanga anasikia baridi". Ikishaandika inakumbuka mpaka ikuhudumie, na kile kitaa kinachowaka kwenye kiboksi ni risiti yako. Bonyeza mara ya pili, ya kumi, ya hamsini, inasoma pale pale ilipoandika, inakuta ishaandikwa, inaendelea na mambo yake.

Basi kwa nini unasubiri? Hapa ndo watu wanapokata tamaa, na hapa pana mambo kadhaa yamekaa pamoja.

La kwanza, magari yana haki ya muda wa chini kabisa wa kijani. Kama taa yao imewaka kijani sasa hivi tu, mashine haiwezi kuizima sekunde mbili baadaye, ingeleta watu kugongana kwa nyuma. La pili, mashine inaangalia kama kuna mwanya kati ya magari ili isikate mtu akiwa mwendo mkali, ikiona mwanya inakupa, isipouona inangoja lakini kuna kikomo, ikifika huko inawakata tu wapende wasipende. Halafu taa ya njano, Uingereza inakaa sekunde 3, halafu nyekundu, halafu kasekunde kamoja kawili ka kuhakikisha yule aliyechomekea amepita, ndo mtu wa kijani, ile picha ya kukuambia vuka, anawaka. Ndo maana usiku barabara ikiwa tupu ukibonyeza inakubali papo hapo mpaka unashtuka, haijakupenda ghafla, ni kwamba muda wa chini umeshapita zamani na hakuna gari lolote la kuulizwa.

La tatu ndo linaloumiza zaidi na watu wengi hawalijui. Kwenye miji mikubwa mataa hayafanyi kazi peke yake, yameunganishwa, taa ya hapa inaongea na ya mbele yake ili magari yakipata kijani moja yapate na zinazofuata. Uingereza wana mfumo unaitwa SCOOT, Australia wana SCATS ambao ulianzia Sydney miaka ya 1970 na sasa umesambaa nchi nyingi. Ukiwa kwenye mfumo kama huo, kivuko chako kina dirisha lake ndani ya mzunguko, na mzunguko unaweza kuwa dakika moja, dakika moja na nusu, pengine mbili. Ukibonyeza kabla dirisha halijafika unapandishwa. Ukibonyeza sekunde moja baada ya kufungwa, pole. Waliozoea pantoni ya Kigamboni wanaelewa bila maelezo, umefika geti ndo linafungwa, unaiona pantoni pale pale mbele yako haijaondoka hata mita mbili, na huwezi kupanda, unasubiri iende ng'ambo irudi. Kupiga kelele getini hakusaidii. Ila tofauti yake ni kwamba hapa usipobonyeza hata pantoni inayofuata inaweza kuondoka bila wewe, hata kama umesimama pale pale getini.

Kwa hiyo kile kitufe hakikupi haraka. Kinakuandikisha, na kinakupa sekunde za kutosha. Hizi sekunde za kutosha nilizielewa nilipoenda kwa binamu yangu Marekani, Columbus, Ohio.

Binamu anakaa karibu na barabara moja pana ile ya kwao, njia sita, ng'ambo kuna supamaketi. Nikasimama kwenye kona, sikubonyeza kwa sababu niliona magari ya upande wangu, yale ya barabara ndogo, yanapata kijani na mimi nikasema si natembea nayo sambamba, nitapita nayo. Kijani ikawaka, nikaingia. Sijafika hata katikati, ikazima. Nimebaki pale kwenye kisehemu cha katikati chembamba kama ubao wa mkate, malori yanapita huku na huku, nimebana mfuko kifuani. Binamu akanisubiri ng'ambo anacheka: "Kaka, ulibonyeza?"

Sasa fikiria. Magari mawili matatu yanayotoka barabara ndogo yanahitaji sekunde nane au kumi kuvuka, basi, mashine inawapa hizo hizo na kurudisha kijani barabara kubwa. Mtu wa miguu kwenye barabara ya njia sita ana kama mita 21 za kutembea. Marekani kanuni yao ya kawaida inapiga hesabu kwa mwendo wa futi 3.5 kwa sekunde, yaani kama mita 1.07, kwa hiyo mita 21 ni karibu sekunde 20, na juu yake unawekewa sekunde kama 7 za mwanzo za kushuka ukingoni. Mashine haiwezi kutoa sekunde 27 kila mzunguko wakati hakuna mtu. Inazitoa ukibonyeza. Usipobonyeza magari yanapata kijani yao fupi na ule mkono wa rangi ya chungwa, picha yao ya kukuzuia, unabaki umesimama vile vile, haujaharibika, ni wewe hujapiga hodi. Tangu siku ile mimi Marekani nabonyeza kila kona hata kama naona havina faida.

Na huko Marekani kuna mtego mwingine, kwenye kona moja unakuta vitufe viwili, wakati mwingine kwenye nguzo moja. Kila kimoja kina mshale. Mshale hauonyeshi pa kuweka kidole, unaonyesha uelekeo unaotaka kuvuka. Nimeshabonyeza cha upande mwingine mara nyingi tu, na nikasimama nikiangalia mtu mweupe anayetembea akiwaka kwa ajili ya barabara ambayo siitaki. Halafu mkono ukianza kuwaka na kuzima na namba zikihesabu kurudi nyuma, 15, 14, 13, wageni wengi wanadhani wanafukuzwa, wanarudi mbio walikotoka. Hapana. Ukiwa ushaingia malizia kwa amani, muda huo umepigiwa hesabu yako. Ukiwa bado ukingoni ndo usiingie. Na kule magari yanapita kulia, kwa hiyo ule wimbo wetu wa shuleni wa kulia, kushoto, kulia tena unageuza, nimekaribia kugongwa kwa utii wa mwalimu wa darasa la kwanza.

Sasa turudi kwa wajuaji. Hili la vitufe geresha hawakulitoa hewani, lina ukweli wake na lilitokea New York. Mwaka 2004 gazeti la New York Times liliandika kwamba kati ya vitufe 3,250 vya mji ule zaidi ya 2,500 vilikuwa havifanyi chochote. Viliwekwa zamani, baadaye mji ukahamia kwenye mataa yanayoongozwa na kompyuta kwa mizunguko iliyopangwa tayari, vitufe vikakatwa, ila vikaachwa kwenye nguzo. Lakini angalia sababu, vilikufa kwa kuwa kwenye mizunguko hiyo mashine haihitaji kuulizwa kama kuna mtu, inampa kila mzunguko bila kuombwa. Yaani mlango uko wazi, hodi ya nini. Mtu anachukua habari hiyo ya New York anakuja kuisimulia Leicester, au kwenye barabara kuu ya Ohio, ambako asipobonyeza atalala pale.

Maeneo mengine yanachanganya vyote viwili, na hii ndo inawafanya watu wasielewe. Katikati ya mji kwenye makutano yenye watu wengi, mchana mtu wa kijani anaweza kuwa anakuja mwenyewe, usiku ukishaingia hapo hapo mpaka ubonyeze. Mwaka 2020 wakati wa korona miji ya Australia kama Sydney iliweka mataa mengi ya katikati ya mji yajiendeshe ili watu wasishike vitufe. Kwa hiyo mtu anaweza kukuapia kwamba kitufe cha pale hakina kazi, na siku aliyopita yeye alikuwa sahihi kabisa.

Mimi natumia hivi. Kivuko kikiwa peke yake katikati ya barabara, hakuna makutano, hakuna barabara nyingine inayoingia, bonyeza, hapo hakuna mjadala, zile taa zimewekwa kwa ajili yako na zisipoombwa zitakaa kijani kwa magari mpaka asubuhi. Kwenye makutano bonyeza vile vile ukikuta kitufe, hukatwi hela. Ukikuta kitaa kishawaka maana yake kuna mtu kakutangulia, acha. Bonyeza ukifika, sio ukiona mwanya umeisha. Na hili nalisema kwa uchungu: kama umebonyeza halafu ukaona nafasi ukavuka na nyekundu, unawaacha madereva wanasimama kwa ajili ya hewa, kompyuta za zamani hazijui kwamba umeondoka. Uingereza hata sio kosa kuvuka bila kusubiri, Ujerumani kuna faini ya euro 5, California waliacha kuwakamata watu kwa hilo tangu 2023 ilimradi hakuna hatari ya wazi, lakini wewe kama umeamua kuchomoka basi usipige hodi kwanza ukakimbia kama watoto wanavyofanya.

Waingereza tatizo hilo walilitafutia dawa, na hapo inabidi nieleze mambo yao ya majina. Wao vivuko wanavipa majina ya wanyama na ndege. Pundamilia tunaijua wote, mistari mieupe tu bila taa, ilianza rasmi 1951. Mwaka 1962 wakajaribu kivuko kiitwacho panda pale Waterloo London, kikawa na taa za kuwakawaka ambazo zilichanganya kila mtu, kikafa. Mwaka 1969 ikaja pelican, hii ndo yenye kitufe na mtu wa kijani ng'ambo ya barabara ambayo wengi wanaijua, na mtu wa kijani akianza kuwaka na kuzima ni kama ule mkono wa Marekani, malizia lakini usianze. Pelican mpya hawajengi tena, sasa ni zamu ya puffin. Ipo na toucan, ambayo kwa Kiingereza inasikika kama wawili wanaweza, yaani mwenye baiskeli na mtembea kwa miguu wanavuka pamoja. Na pegasus ya farasi, hiyo ina kitufe cha pili juu kabisa kwa ajili ya aliyepanda farasi asilazimike kushuka. Sijawahi kumwona farasi akisubiri taa lakini kitufe nimekiona, kiko juu pale unajiuliza nani mrefu hivyo.

Puffin ndo ile ya mama mkubwa. Hii ina sensa, sio ile ya kuhesabu watu, ni vifaa juu ya nguzo vinavyoangalia ukingo unaposimama na vingine vinavyoangalia barabara yenyewe. Ukibonyeza halafu ukaondoka, kile cha ukingoni kinaona hakuna mtu na ombi lako linafutwa, magari hayasimamishwi bure. Hapo kuna somo dogo, ukibonyeza puffin usiende kusimama mbali kwenye kivuli cha duka, ukajificha upepo, itadhani umeghairi. Na ukiwa barabarani unatembea taratibu, zile za juu zinakuona na zinaongeza muda wa nyekundu kwa magari mpaka ufike. Hakuna mtu wa kijani wa kuwakawaka wa kukutia presha.

Ila puffin ina jambo moja linawakera watu, yule mtu wa kijani hayuko ng'ambo, yuko hapa hapa upande wako, kwenye kiboksi juu ya kitufe, usawa wa kiuno au kifua. Sababu yao ni kwamba ukimwangalia unakuwa umegeukia magari yanakotoka. Sababu nzuri. Lakini watu wakijaa wanamziba, na mgeni anatazama ng'ambo haoni kitu. Mama mkubwa siku ile alikuwa anakodolea ng'ambo kumtafuta huyo mtu niliyemwambia atawaka, wakati keshawaka karibu na mkoba wake.

Singapore wao wamekwenda mbali zaidi, tangu 2009 wana vivuko ambavyo mzee anagusisha kadi yake ya wazee kwenye kiboksi na kijani inaongezeka, mpaka sekunde 13 kutegemea upana wa barabara. Nilipomsimulia mama mkubwa akasema hiyo ndo nchi yenye heshima. Marekani kwenye vitufe vingine vyenye sauti ukikandamiza ukashikilia sekunde moja au zaidi, badala ya kugusa na kuachia, unaweza kuongezewa muda wa kuvuka au ukasomewa jina la barabara, na bamba la mshale linatikisika chini ya kidole taa ikiwa tayari, kwa wasioona. Hiyo ni kwa vile vilivyotengenezwa hivyo tu, sio vyote.

Uingereza nao wana yao kwa wasioona na hii karibu hakuna anayeijua, hata wenyeji. Peleka mkono chini ya kile kiboksi, kwenye vivuko vingi utakuta kidude kidogo kimechomoza kinaelekea chini, kama pia ndogo, kina vimifereji ubavuni, baridi kama ufunguo. Kimetulia. Mtu wa kijani akiwaka kinaanza kuzunguka. Hakitoi sauti, na hiyo ni makusudi, kwa sababu vivuko viwili vikikaribiana mlio wa kimoja unaweza kumdanganya asiyeona akaingia kwenye kingine.

Nilimwonyesha mama mkubwa wiki yake ya mwisho, tumesimama pale pale. Safari hii alibonyeza mara moja, akachomeka kidole chini ya kiboksi, akafumba macho, mdomo kaubana. Magari yakapita, basi likapita, mtu wa nyuma yetu akaanza kututazama. Halafu akashtuka, akafumbua macho, akacheka mpaka kilemba kikamlegea: "Uuh! Kananitekenya!" Tukakawia kuvuka kwa ajili ya kicheko, na mataa yakatungoja.